Nilivyoichunguza Jakarta

Kwetu Kondoa posa haijibiwi siku inapoletwa. Mshenga anakaribishwa, anakula, anasema yaliyomleta, na mwenye binti anamwambia: tumesikia, tupeni muda. Akishaondoka, kazi ndiyo inaanza. Anatumwa mtu kwenda kuulizia ukoo ule. Wana maradhi gani, wana hasira za namna gani, kuna aliyekufa kifo kisichoeleweka? Wenyewe hawaulizwi, maana kuwauliza wenyewe ni kuwaonyesha kwamba huwaamini. Anaulizwa jirani, anaulizwa mwenye duka la karibu, na zaidi ya wote anatafutwa mtu aliyewahi kugombana nao, kwa sababu huyo hana cha kuficha.

Mdogo wangu wa mwisho alipoposwa hapa London, wa kujibu nilikuwa mimi. Baba na mama hawapo siku nyingi. Mimi ndiye mkubwa, na kati yetu watatu ndiye mwanamume pekee, kwa hiyo ndiye walii wake. Bila neno langu ndoa haifungwi. Wazee wawili wa msikitini walikuja kwangu Thamesmead wamebeba sinia la tende na vitambaa, wametumwa na kijana wa Kiindonesia aliyewahi kufanya kazi na mdogo wangu hospitali moja, yeye akiwa nesi na kijana akiwa upande wa eksirei. Kijana alikuwa ameshalazimika kurudi kwao Jakarta. Baba yake alifariki, mama akabaki peke yake, na yeye ndiye mkubwa wao. Mdogo wangu akiolewa atamfuata huko.

Kijana nilimjua. Alikuwa amekula kwangu mara nyingi. Alivua viatu mlangoni akavipanga, na tukimaliza kula alikwenda kuosha vyombo bila kuambiwa. Aliniita kaka, akasema kwao pia mkubwa huitwa karibu hivyo hivyo. Juu yake sikuwa na swali.

Nilikuwa na swali juu ya mji.

Mdogo wangu ndiye aliyeanza kuniletea habari za Jakarta, kama mtu anavyoleta zawadi kutoka safari. Alikuja baada ya shifti, akakaa kwenye kochi bila kuvua koti, simu mkononi. Akaniambia kwamba msikiti mkubwa kuliko yote katika upande ule wa dunia uko pale katikati ya mji, na ng'ambo ya barabara, umetazamana nao, kuna kanisa kuu la Wakatoliki. Sikukuu za hawa zikifika, wale wanawapa nafasi ya kuegesha magari. Wamechimba mpaka njia ya chini ya ardhi ya kuunganisha nyumba hizo mbili. Akaniambia Jumapili asubuhi barabara kuu inafungwa, magari hayapiti, watu wanatembea na baiskeli na watoto katikati ya lami. Akaniambia maneno yao: dunia wanasema dunia, na habari wanasema kabar.

"Yaani nitafika pale nishajua nusu ya lugha," alisema.

"Njia ya chini ya ardhi?" nikauliza. Katika yote hayo, hilo ndilo nililolisikia.

Akanitazama, akafunga simu. Alinijua.

Niseme basi. Baba yetu alikuwa mchimba visima. Alichimba kwa mkono, kwa sululu na koleo na ndoo ya kuvuta kwa kamba, na watu walimfuata kutoka mbali kwa sababu alikuwa na desturi yake. Kabla hajakubali kazi alitembea juu ya kiwanja, akapiga kisigino chini, akasimama kusikiliza. Akapiga tena hatua kadhaa mbele. Sehemu nyingine alikataa, akasema hapa chini pamelegea, na mwenye kiwanja alinung'unika lakini hakubishana. Ule mwaka wa mwisho kiangazi kilikuwa kirefu, na mtaa ule alikoitwa tayari ulikuwa na visima vingi vya pampu vilivyovuta mchana na usiku. Mchanga wa chini ulikuwa umekauka. Mchanga wenye maji unashikana, uliokauka unamwagika kama mchele. Baba alikuwa akituambia hivyo kila mara, na siku ile aliteremka hata hivyo. Nadhani tulikuwa hatuna unga.

Niliitwa kutoka darasani. Nilipofika sikuona shimo. Niliona sahani tu ya udongo mbichi, imebonyea kidogo katikati, na wanaume wamesimama pembeni na makoleo, hakuna anayethubutu kukanyaga. Sikurudi darasani tena. Mama alimfuata baba kwa maradhi kabla mdogo wangu wa mwisho hajajua kutembea vizuri, nami nikawa ndiye baba na mama.

Tangu hapo siiamini ardhi. Natembea Stratford, ninakofanya kazi stoo ya duka la viatu, nikivikwepa vifuniko vyote vya chuma vya njiani. Treni za kutoka kwetu kwenda kule zinapita chini ya mto, kwa hiyo mimi napanda basi hadi Woolwich, navuka kwa pantoni, kisha basi jingine. Pantoni isipofanya kazi naingia treni nafumba macho mpaka ng'ambo. Wenzangu stoo wanadhani nasinzia.

Kwenye pantoni ndipo nilipoichunguza Jakarta kwa mara ya kwanza. Kiingereza cha kusoma nakwenda nacho taratibu, ila nafika. Nilisoma kwamba mji ule unapitiwa na mito kumi na mitatu. Nikasoma kwamba Waholanzi waliutawala zamani wakaujengea mifereji kama ya kwao. Halafu nikafika pale. Mji unadidimia. Mabomba ya serikali kwa miaka mingi hayakutosha, watu wakachimba visima, wenye nyumba na wenye hoteli na wenye viwanda, wakavuta maji ya chini mpaka ardhi yenyewe ikaanza kushuka. Upande wa kaskazini sehemu kubwa iko chini kuliko bahari, na bahari imezuiwa kwa ukuta. Nje ya ukuta huo kuna msikiti uliobaki majini. Picha yake ilikuwepo: kuta, paa, na maji ya kijani pale ambapo watu walikuwa wanasujudu.

Niliishika nguzo ya pantoni. Mto ulikuwa umetulia kabisa. Nilikuwa nikidhani kilichompata baba ni kitu cha kiwanja kimoja na mtu mmoja. Sikujua kwamba mji mzima unaweza kufanyiwa hivyo, na watu wakiwa ndani wanapika na kulea watoto.

Nilimuuliza mdogo wangu nyumba ya kijana iko upande gani.

"Kaskazini," akasema. Akaongeza haraka, "Lakini si ukutani kabisa, kaka."

"Serikali yao inajenga makao makuu mengine, kisiwa kingine kabisa. Umesoma hilo?"

"Nimesoma."

"Mwenye nyumba anafungasha, wewe ndiyo unaingia na mabegi."

"Na sisi si tumehamia Dodoma? Dar imezama?"

Nikaanza kuondoa vikombe mezani.

"Na hapa unapokaa ni wapi?" akasema. "Thamesmead yote hii ilikuwa kinamasi. Zile nyumba za zamani hazikuwekewa vyumba chini, waliogopa mto. Muulize mtu yeyote. Umekaa juu ya tope miaka yote hii, kaka, unalala unakoroma."

Nilikuwa silijui hilo. Kwa muda mrefu baada ya hapo sikukoroma.

Jirani wa Jakarta sikumpata London, wala mwenye duka. Aliyegombana nayo nilimpata. Kando ya Edgware Road, nyuma ya mikahawa ya Waarabu, kuna mgahawa mdogo wa Kiindonesia, na mpishi wake ni mama wa makamo aliyeondoka Jakarta moja kwa moja. Mzee mmoja kati ya wale walioleta posa aliniambia habari zake bila kujua anachonipa. Nikaenda mchana wateja walipokwisha. Nilimwambia ukweli: dada yangu ameposwa kaskazini ya mji wenu, nataka kuujua.

Alijifuta mikono kwenye aproni, akakaa.

"Wanatoka mtaa gani?"

Nikamtajia.

"Ah," akasema. Ile ah nilikwenda nayo nyumbani.

Aliniambia nyumba yao walikuwa wanainua sakafu. Maji yakiingia mara nyingi mno, wanaleta kifusi, wanamwaga ndani, wanasakafia upya juu yake. Baada ya miaka wanainua tena. Paa liko pale pale, sakafu inapanda. Mume wake alikuwa mrefu, mwisho akawa anaweza kugusa dari akiwa ameketi mezani. "Ilifika siku nikawa naingia nyumbani kwangu nimeinama kama mwizi," alisema, akacheka. "Nikamwambia mume wangu, sasa bado kutambaa."

"Kwa hiyo mkaondoka."

"Tukaondoka."

"Ungekuwa na binti ungemrudisha kule?"

Nilitegemea jibu moja tu. Mama yule alifikiri, akanyoosha kitambaa cha meza.

"Mimi mwenyewe ningerudi kesho," akasema. "Maji yakiingia kule, jirani anakuja na ndoo kwangu kabla hajamaliza kwake. Hapa mtu wa mlango wa pili sijui hata sura yake."

Akanipa chakula cha kubeba, akakataa nilipe. Nilisimama Edgware Road na mfuko wa wali wa moto nikiwa na hofu kuliko nilivyokuja. Aliyegombana na ukoo akikwambia ukoo ni mbaya, unakataa posa na unalala. Akikwambia ni mbaya na anautamani, unafanya nini?

Ndipo nikavunja desturi. Nilimpigia kijana mwenyewe, kwa video, nikamuuliza mambo ambayo hayaulizwi.

"Nionyeshe mlango," nilimwambia.

Hakuuliza kwa nini. Alitoka nje na simu, akageuka, akaingia huku ameinama. Kijana si mrefu. Akanionyesha dirisha la sebuleni, kizingiti chake kiko magotini. "Baba aliinua sakafu hii," alisema. "Na mimi nitainua tena, kaka. Sikufichi."

"Maji ya matumizi?"

Akanipeleka jikoni. Kwenye kona palikuwa na pampu, na bomba limeingia sakafuni. Kisima cha bomba, kimeshuka chini sana kupita maji ya chumvi. Mama yake alikuwa pale, mama mdogo wa umbo, mtandio umemlegea, ananipungia mkono wenye unga.

"Bomba la mtaa bado halijafika?"

"Limefika. Lakini mama anasema yana harufu. Ya kisima ni matamu, na kisima hiki alichimbisha baba."

Pampu ikawaka yenyewe wakati tukiongea. Ule mlio niliusikia kifuani. Nilimwangalia yule mama anavyojaza sufuria, sauti ya maji ikiingia, na nyuma yake ukuta ulikuwa na ufa mwembamba ulioanzia chini ukapotelea kwenye kalenda. Nikasema nina kazi, nikakata simu.

Baada ya hapo nilikaa kimya. Wale wazee wa msikitini walinisalimia Ijumaa, wakangoja, nikawajibu salamu tu. Kwetu posa ikikaa sana bila jibu, jibu ni hapana, na hakuna atakayekulaumu kwamba ulitamka. Nilijua ninachofanya. Kila nilipojaribu kulitafuta neno la kukubali, niliona ile sahani ya udongo.

Mdogo wangu alikuja siku ya mapumziko yake, mchana, na safari hii alivua koti.

"Kaka, unawaacha wajijibu wenyewe?"

"Naogopa."

"Najua unaogopa. Tukitembea Stratford watu wanadhani umelewa, kutwa unaruka vifuniko. Nimekuwa nikiruka na wewe tangu nilipofika nchi hii. Siku moja nilijikuta naruka peke yangu, hata hukuwepo."

Nilicheka bila kutaka.

"Baba simkumbuki," akasema. "Hata sura. Namjua kwa woga wako tu." Alisema bila ukali. "Mama yake hawezi kuondoka pale. Kaburi la mumewe liko mtaa wa pili. Na yeye hawezi kumwacha mama yake. Ungekuwa wewe, ungeniacha?"

Akaichukua simu yangu mezani.

"Mahari ni yangu kutaja, au na hiyo utaichunguza?"

"Taja."

"Sitaki dhahabu. Nataka kile kisima cha jikoni kifungwe. Kijazwe, kifungwe, kabla sijaweka mguu ndani ya ile nyumba."

Nilikaa chini.

"Mtaa mzima unavuta," nikamwambia. "Mji mzima. Ukifunga kimoja hakuna kinachosimama."

"Najua. Sijasema kitasimama. Nimesema ndiyo mahari yangu." Akaniwekea simu mkononi. "Walii ni wewe. Peleka."

Nikaipeleka. Nilimpigia mzee wa msikitini, akaniomba nirudie, nikarudia. Akasema ataifikisha kama ilivyo. Halafu sasa wao ndio wakakaa kimya, nikauona upande wa pili wa desturi yetu. Nilikwenda kazini nikawa napanga viatu saizi zisizolingana. Niliogopa wakikataa, kwa kuwa nilikuwa nimemwona mdogo wangu uso wake alipokuwa anaongea. Niliogopa wakikubali. Nilikuwa namwomba yule mama aache maji matamu aliyoachiwa na mumewe, kwa ajili ya mtu aliyefia shimoni Kondoa ambaye hakuwahi kumsikia.

Jibu lilikuja kutoka kwa kijana. Mama amekubali. Alikuwa ameuliza jambo moja tu: kwa nini. Kijana akamweleza habari za baba yetu. Mama alikaa, akasema basi wasingoje. Asubuhi iliyofuata alijaza maji chombo cha mwisho, akakibeba mpaka makaburini akayamwaga juu ya kaburi la mumewe. Kwao humwagia maji makaburi, na maua.

Nilimwomba kijana anionyeshe wakati wa kufunga. Nilimwambia asikubali fundi afunike juu tu kwa kifuniko, maana uwazi utabaki chini. Waingize bomba la mpira mpaka mwisho, wajaze saruji ya maji kuanzia huko, ipande yenyewe mpaka ionekane. Walifanya hivyo. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye birika. Saruji ilipojitokeza juu ya bomba, laini na ya kijivu, nilijikuta nimesimama katikati ya stoo nimeshika kiatu kimoja.

Ndoa ilifungwa hapa London, kijana alikuja. Imamu aliponiuliza mahari nikamwambia ni kisima kilichofungwa, akainua kichwa kwenye karatasi zake.

"Kisima kilichochimbwa?"

"Kilichofungwa, sheikh."

Watu wa nyuma wakanong'ona. Imamu akasema ni vizuri kuwe pia na kitu cha kushikika, kijana akatoa pete. Kisha nikashikana naye mkono, nikaambiwa niseme. Nikaanza, nikakosea. Imamu akanitamkia neno kwa neno kama anavyotamkiwa mtoto, nikafuata, nikamwoza. Yule kijana hakuniachia mkono mpaka nilipomaliza.

Sasa mdogo wangu yuko kule. Anafanya kazi zahanati ya karibu, anachota maji ya bomba yenye harufu na kuyachemsha, na mama mkwe wake anayanywa bila kusema kitu. Amenitumia picha yake Jumapili katikati ya ile barabara kuu isiyo na magari, mikono ameinyoosha. Amenitumia picha ya kona ya jikoni, vigae vipya mahali pa kisima. Ufa wa ukutani hauonekani. Kalenda ni kubwa zaidi.

Kila Ijumaa nampigia. Tukishasalimiana namwambia aweke simu sakafuni, anajua kwa nini. Nasikia anavua kandambili. Nasikia mama mkwe wake anauliza kitu na yeye anajibu kwa lugha yao, wanacheka. Halafu anapiga kisigino, anahama hatua kadhaa, anapiga tena, kama nilivyomwelekeza.

"Umesikia?" ananiuliza.

Mimi nakuwa nimejibanza kwenye kona ya stoo, kidole kimeziba sikio la pili. Baba alisikia kwa miguu yake mwenyewe, juu ya ardhi ile ile. Mimi nasikia kishindo kidogo kinachotoka mbali, na sijui simu inapitisha nini na inaacha nini.

"Piga tena," namwambia.

Anapiga tena.